Kitanzi Changu Mwenyewe

Kichina cha Swalha kilikuwa cha sokoni, cha kununulia majora ya vitambaa kwenye soko la Zhongda na kugombana na wenye maduka, na hakikupata kumponza ila mara moja, alipokipeleka hospitali.

Alikuwa ametoka kupasuliwa. Kitanzi cha uzazi wa mpango alichowekewa hapa hapa Guangzhou kilimvunjikia ndani, kikamtoboa, na kizazi kikaondolewa. Mwanamke mwingine angetaka vile vipande vitupwe mbali. Swalha, Mzanzibari wa biashara, alividai akavitia kwenye mfuko wa plastiki. Ndivyo alivyozoea kufanya na mzigo mbovu: huuachii mpaka aliyekuuzia auone kwa macho yake. Karani wa malalamiko akauliza vile vitu ni vya nani. Swalha, dawa ya usingizi bado ikimzungusha kichwa, akajibu, “Wo ziji huan!”

Alikusudia kusema “kitanzi changu mwenyewe”. Lakini kwa Wachina, huan ya kupandisha sauti ni pete, na ndivyo wanavyokiita kitanzi. Ya kushusha sauti ni kubadilisha. Swalha aliishusha, kama anavyoishusha kila siku akirudisha kitambaa kibovu, na karani akaandika: nimekibadilisha mwenyewe.

Basi alipoishtaki kampuni iliyokitengeneza, ikayang'ang'ania maneno hayo kama kupe. Wataalamu wa mahakama walikuwa wamekwisha kuona ufa wa kiwandani kwenye plastiki. Ufa si kitu, akasema wakili wa kampuni, mama huyu alijichokoa mwenyewe. Kujichokoa! Mtu mzima na akili zake! Na kule Unguja mumewe, Rahim, aliwahi kumuuliza kwenye simu, “Si yale majora uliyokuwa ukibeba ndiyo yaliyokivunja?” Mama mkwe akalichukua neno hilo akalitembeza mtaa mzima. Swalha akakonda. Hata yeye alianza kujiuliza kama hakujiharibu kwa mikono yake, na hilo lilimuuma kuliko mshono.

Mkalimani aliyekubaliwa na mahakama alikuwa Émérance, Mkongomani wa Lubumbashi aliyesomea Guangzhou. Alipoieleza tofauti ya huan hizo mbili, wakili akatabasamu. Mama huyu amekaa China miaka chungu nzima, akasema, leo ndiyo hajui kuzitofautisha?

Jaji, mwanamke wa makamo, akavua miwani. Akamuuliza Swalha: akiuziwa kitambaa chenye tundu, humwambiaje mwenye duka?

“Sema sawa vile unasemaga kwa soko, ma sœur,” Émérance akamhimiza, akimwita dada kwa Kifaransa. “Usiogope.”

Swalha akasahau alipo. “Laoban! Bu hao! Huan!” Bosi, hiki kibovu, badilisha! Askari wa mlangoni akashtuka.

Jaji akauinua mfuko wenye vile vipande. Na hiki kinaitwaje?

“Huan!” Vile vile, kwa kushusha, kwa ukali ule ule, utadhani anamrudishia jaji kitambaa.

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata wakili wa kampuni kilimponyoka, na baada ya hapo ilikuwa kazi kweli kwake kukana alichokicheka. Émérance alikuwa akijifuta machozi. “Kichina yako, Mungu wangu, inatembeaka na mguu moja!”

Baada ya mapumziko hukumu ikasomwa. Kitanzi kilikuwa na kasoro tangu kiwandani, na mlalamikaji hakufanya lolote la kukiharibu.

“Banasema haiko wewe, ma sœur,” Émérance akamnong'oneza. “Haiko wewe hata kidogo.”

Swalha akamwomba arudie, akarudia. Kizazi hakirudi, hilo alilijua. Lakini alipumua kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa, na furaha ikamjaa mpaka akaona haya.

Nje, kwenye ngazi za mahakama, akampigia Rahim. “Mahakama imesema si mimi.”

“Neno lile nililianzisha mimi,” Rahim akasema. “Nisamehe, mke wangu.”

“Nimekusamehe,” Swalha akasema, na machozi yakamtoka kweli kweli.

Mara simu ikapokonywa kule Unguja. Sasa aliyesema alikuwa mama mkwe.

“Nimesikia, mwanangu. Lakini hebu liseme tena, na useme kwa nguvu. Nimekuweka kwenye spika, na majirani wote wako hapa barazani.”