Mhina wa Ghalani

Mama yangu, Bi Mashavu, alianza kwa kusahau jina langu. Kisha akasahau kuwa tulikwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Sindeni. Kila mara alifunga kibwebwe, akajitwika furushi, akashika njia ya kurudi kwenye kihame chetu, ambako sasa wanaishi nguruwe-mwitu.

Niliomba sana, na Mungu akanionyesha dawa: wimbo. Ni ule alioutunga mwenyewe usichanani, kumcheka Mhina aliyejificha ghalani siku alipokuja karani wa kodi, panya wakamtafunia kanzu. Nikiimba, "Nani ghalani?" mama husimama. Ila lazima mwanamume aitikie, "Ni mimi Mhina, fungeni mlango!" Hapo hutua furushi, akapiga makofi, akatulia kama mtoto aliyeshiba. Majirani walikuwa wakija kuitikia kwa zamu.

Bahati mbaya Mhina aliacha mwana, na mwana huyo ndiye Mwenyekiti wetu wa kijiji, Sadala. Hajapata kumaliza hotuba bila kutukumbusha jinsi marehemu baba yake alivyomkabili mkoloni uso kwa uso.

"Dada Zamda," aliniambia mbele ya darasa zima la watu wazima, "wimbo ule ni kasumba. Kuanzia leo marufuku."

"Na mama akiondoka, Mwenyekiti?"

"Nitamletea kwaya."

Akaileta kweli. Vijana waliimba habari za mbolea mpaka wakalowa jasho. Mama aliwasikiliza kwa adabu, akauliza, "Nani amekufa?" kisha akajitwika furushi.

Sadala akakasirika. "Jumamosi nina wageni wa wilaya. Akionekana nje, gari lao litampeleka Korogwe akafungiwe na vichaa."

Jumamosi nilimfungia mlango, nikasali. Lakini mlango wenyewe ulikuwa wa mabua. Hotuba ilipofika kwenye ushujaa wa Mhina, mama alikatiza katikati ya mkutano na furushi lake kichwani. Sadala akamshika mkono. Mama akapiga yowe kwamba anaibwa.

Nikaimba, "Nani ghalani?"

Mama akakatiza yowe, akangoja. Wanaume wote waliozoea kuitikia uani kwangu wakaanza kukagua vidole vya miguu yao. Mama akatazama huku na huku. Ndipo akamwona Sadala, ambaye kwa sura ni baba yake mtupu.

"We Mhina! Mbona hujibu? Panya wamekula na ulimi?"

Mgeni mkuu akageuka. "Ndugu Mwenyekiti, mjibu mama atulie."

Sadala akakohoa. "Ni mimi Mhina," akaimba, "fungeni mlango."

"Sauti!" mama akaamuru.

Akapaza sauti. Mama akatua furushi, akapiga makofi, akaketi. Mkutano mzima ukapiga makofi pia, nadhani kwa ajili ya maendeleo.

"Wimbo mzuri," mgeni akasema. "Unahusu nini?"

"Ushujaa wa baba, ndugu."

"Basi bibi huyu abaki hapa awafundishe vijana."

Gari likaondoka bila mama.

Siku hizi mama akifunga kibwebwe, naagiza Mwenyekiti aitwe. Huja kwa kuzungukia nyuma ya choo, asionekane. Ana sauti nzuri, namshukuru Mungu. Jana aliruka ubeti wa panya. Mama akamrudisha mwanzo.