Mashini ya Hesabu ya Firmin

Wakati ule wa Zaire, bwana yangu Symphorien alikuwa anafanya kazi katika meli ya mizigo. Safari moja alitoka Kigoma na mashini ndogo ya hesabu, inaingia katika kiganja. Alimuletea Firmin, mutoto wetu mwanaume, aliyekuwa anaanza sekondari. Odile, dada yake, alikuwa nyuma yake kwa mwaka mumoja, lakini kwa hesabu alimupita. Hakuna aliyemuwaza Odile.

Mimi niliifunga mashini katika kitambaa, nikaitia ndani ya sanduku, isiharibike.

Mchana mumoja nilimukuta Odile nyuma ya jikoni. Alikuwa amechukua ufunguo wangu wa sanduku, anafinya namba kwenye jua, anacheka peke yake. Nilimunyang'anya, nikamupelekea baba yake chumbani. Madirisha yalikuwa yamefungwa sababu ya joto. Symphorien alifinya, akafinya tena. Kioo kitupu.

"Umeiua," alisema.

"Hapana, Papa! Inje ilikuwa inaandika. Twende inje, nitawaonyesha."

Firmin akacheka: "Enjinia wa jikoni! Anataka kuiua mara ya pili."

Odile aliniangalia mimi. "Mama, kidogo tu. Inje."

"Nyamaza, mwongo," nilimujibu.

Symphorien alisema muntu anayeharibu vitu vya masomo hana haja ya masomo. Shule ilipofunguliwa, Odile alikuwa Moba kwa shangazi yake, anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Ningesema neno moja angebaki. Sikusema.

Miaka kumi ikapita. Symphorien alikuwa amekwisha kufa. Mchwa waliingia katika sanduku, nikatandika vyote uani kwenye jua. Nilipofungua kile kitambaa, kioo kilikuwa kinaonyesha sifuri. Nilifinya tatu, ikaandika tatu. Niliigeuza: hakuna mahali pa kutia majiwe ya betri kama ya radio. Ilikuwa inaishi kwa mwangaza, na sisi tuliifungia gizani.

Odile alipokuja kunisalimia, nilimuwekea mashini mukononi, palepale uani.

"Mutoto wangu, ilikuwa nzima. Unisamehe."

Alifunika kwa kidole kile kipande cheusi cha juu. Namba zikapotea. Akaondoa kidole, zikarudi.

"Ni hivi tu, Mama. Siku ile nilitaka kuwaonyesha hivi tu."

Nilimwambia aende nayo Moba.

"Nifanye nayo nini sasa?" aliuliza, bila kasirani. Akaifunga vizuri katika kitambaa, akanirudishia.