Pembe ya Herufi G

Mchora herufi alilitazama bango jipya la ndondi kwa jicho la shaka. Neno NGUMI liliandikwa kwa herufi nene, zenye pembe kali kama shoka, na shemeji yake, anayefanya naye kazi chumba kimoja, aliapa kazichora mwenyewe, ingawa yeye alikwisha kuwaambia wenzao ofisini kwamba kamwibia herufi zake.

"Pembe kali ziko kila mahali, shemeji. Umenichafulia jina ofisini. Niombe radhi."

Mchora herufi akaisogelea G. Pembe ya chini ilikuwa na pengo dogo. Yeye hukata herufi zake kwa wembe kwenye karatasi nyeusi, na alipokata G yake, wembe ulimteleza hapohapo.

"Kumbe na wewe wembe ulikuteleza?"

Shemeji akatazama viatu vyake. "Hata hivyo, ungeniuliza faraghani kwanza. Omba radhi."

"Siombi."