Mwangwi wa Shemeji

Miaka kumi na minne nimechanganya sauti katika studio hii, na watu hawaniiti kwa jina, wananiita Masikio. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, nilimleta mwenyewe apokee simu. Wanasema nilifuga nyoka. Nyoka angeniuma mara moja yakaisha. Huyu aliniuma kila siku kwa kujifunza tu.

Alianza na maswali: hiki ni nini, kile kinafanya nini. Nikamjibu, mjinga mimi. Baada ya miezi minane alikuwa anaigeuza sauti ya mwimbaji nyuma-mbele na kuitanguliza kabla ya neno lenyewe, utadhani wimbo unavuta pumzi. Wateja wakawa wananipita mlangoni: "Masikio, habari, yule dada yupo?" Sitazunguka mbuyu. Ulikuwa wivu, na ulinikosesha hata usingizi wa mchana.

Alhamisi alikuja mwimbaji mmoja, mama wa sauti nzito, kusikiliza wimbo wa majaribio uliochanganywa na shemeji. Akishausikia, angechagua nani kati yetu ashughulikie nyimbo kumi zilizobaki za albamu yake.

Wimbo ukapigwa. Mwangwi uliofuata sauti yake ulikuwa mzuri mpaka nikakasirika.

"Mwangwi umezidi," nikasema. "Unameza maneno. Hebu nipishe hapo, shemeji."

Akanipisha. Nikafungua efekti ya mwangwi kwenye kompyuta, nikafumba macho, nikaipunguza taratibu kama mpishi anayeonja chumvi.

"Bado... bado... hapo! Mmesikia? Neno limetoka."

"Kweli, limetoka kabisa!" akasema mwimbaji. "Ndiyo maana wanakuita Masikio. Basi, albamu shughulikia wewe."

Shemeji akatabasamu. "Hongera, shemeji." Akamsindikiza mgeni hadi nje.

Nikashika kipanya ili nihifadhi kazi yangu. Ndipo nikaona kwenye skrini taa ndogo ya ile efekti haiwaki. Ilikuwa imezimwa tangu mwanzo. Nilikuwa nimezungusha kitu kisichofanya kazi, na masikio haya yakasikia tofauti.

Aliporudi hakukaa.

"Ule mwangwi si wa kompyuta," akasema kwa sauti ya chini. "Ni wa bafuni. Niliweka spika ndani ya ndoo, nikapiga sauti yake humo, nikairekodi upya."

"Mbona hukusema mbele yake?"

"Nikuaibishe, shemeji? Si wewe uliyenifundisha?"

Afadhali angenitukana. Nyimbo kumi zilikuwa zinanisubiri, sikujua hata moja nitaianzia wapi, na wivu wangu ulikuwa palepale, haujapungua hata chembe.

"Hiyo ndoo," nikamuuliza, "ni ile kubwa au ile ndogo?"

"Ndogo."