Mtihani wa Kutukanwa

Wiki ya tatu sasa Qiu Ruolan alikuwa akienda chuoni kwa kuzunguka dakika arobaini, na njia ya mkato ilikuwa ya dakika nane. Kisa ni taa za barabarani kwenye njia hiyo ya mkato, pale Adelaide, Australia: mtu alitoa kichwa garini akamtukana Uchina wake, naye akanyamaza. Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Ruolan hakikuwa na mshindo wowote, na kilimuuma kuliko tusi lenyewe.

"Hukujiandaa tu," alisema Shen Boyang, aliyepanga naye nyumba moja. Boyang aliongoza mkoa mzima katika mtihani wa kuingia chuo kikuu, na tangu hapo kila balaa kwake ni mtihani. Akakusanya matusi mia tatu na kumi na mawili kutoka kwa Wachina wenzake, akayaandikia majibu ya mfano, akafungua darasa sebuleni. Wakaja wanafunzi kumi na wanne, kila mtu na chupa yake ya maji moto. Boyang aliketi ndani ya tenga la nguo, usukani wake mfuniko wa sufuria, akawatukana mmoja mmoja. Sekunde nne za kujibu, maksi papo hapo.

Mama yake Ruolan akapiga simu kutoka kwao Changsha, Uchina.

"Nasikia mna masomo ya ziada. Umekuwa wa ngapi?"

"Wa nne, mama."

"Wa kwanza nani?"

Siku ya siku Ruolan alikwenda kwenye taa zile, Boyang nyuma na daftari. Hawakusubiri sana, jamaa mmoja akatoa kichwa garini.

"Rudi kwenu na virusi vyako!"

"Nikimaliza shahada. Na wewe, kwenu hasa ni wapi?"

Taa ikagoma kubadilika. Jamaa akaleta tusi la pili, akajibiwa. La tatu alijibiwa kabla hajalimaliza. Akaishiwa, akabaki kuikodolea macho taa mpaka ilipomwachia.

"Tisini na tano," alisema Boyang. "Tano nimekata kwa kutetemeka."

Ruolan akatazama mikono yake. Hasira zikampanda, na safari hii si kwa yule mtu.

"Kaka, mjinga ni yeye. Mbona mtihani tunafanya sisi?"

Boyang akapekua daftari, ukurasa baada ya ukurasa. Nyuma yao honi ikalia, wote wawili wakaruka. Dereva wa gari la mikate alikuwa akimsalimu mwenye duka.