Maono ya Shemeji

Mama yangu anaitwa Sikudhani. Babu alimpa jina hilo kwa sababu bibi alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kuzaa. Huko kwetu, milimani Kondoa, watu hulitamka bila kufikiria maana yake, na mama mwenyewe hakuwahi kulilalamikia. Kilichomuuma ni maneno mengine waliyombandika akiwa mtu mzima.

Alikuwa na tabia ya kusimama. Anatoka kuchota maji, akifika kwenye ukingo wa korongo linalokula shamba letu kila msimu wa mvua, anatua ndoo na kutazama. Anatazama mpaka chakula cha mchana kinachelewa. Baba yangu, Masudi, alisema mke wake anaota ndoto za mchana. Bibi mzaa baba alisema ana mawazo, na kwetu mtu akisema fulani ana mawazo hamaanishi kwamba anafikiri. Anamaanisha kuna kitu kinamla ndani kwa ndani. Wakamwita ustadhi akamsomea dua. Baba mkubwa Hassani, kaka yake baba, yeye alicheka tu.

"Shemeji yuko mbali," alisema. "Mwacheni ajenge maghorofa yake angani, akichoka atarudi."

Jirani yetu Naima peke yake ndiye aliyemuuliza anaona nini. Walikuwa wanapepeta ulezi uani kwetu, nami nilikuwa karibu nachambua mboga.

"Naona majani," mama akasema. "Kule juu kabisa, korongo linakoanzia. Matete, na kuta fupi za mawe za kuyapunguza maji mbio. Tunasubiri misimu miwili mitatu. Maji yakishatulia, ndipo tunachimba lambo huku chini. Mbuzi wanakunywa, na kiangazi tunamwagilia nyanya."

"Na tukianza na lambo?"

"Tuta litabomoka. Maji ya kule juu yana hasira."

"Haya, endelea. Hizo nyanya tunauza wapi?"

Wakaendelea, wakicheka, wakibishana bei ya nyanya ambazo hata mbegu zake hazijanunuliwa. Sijawahi kumwona mama akiwa na furaha kama siku ile. Barazani, baba na Hassani walikuwa wanakunywa chai, na ukuta wetu ulikuwa wa miti na udongo.

Kwenye mkutano wa kijiji uliofuata Hassani alisimama akasema amepata maono.

"Ndugu zangu, nimekaa nikawaza na kuwazua," alisema, kisha akalieleza lambo, mbuzi, bustani, nyanya za kiangazi. Majani na mawe hakuyataja. Sijui kama hakuyasikia, au aliona yatamcheleweshea sifa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema kijiji kina bahati kuwa na mtu anayeona mbali. Upande wa wanawake, Naima alimfinya mama mkono, lakini mama hakusimama.

Jioni alimwambia baba, "Baba Ikram, mwambie kaka yako aanze na kule juu. Bila mawe lile tuta halitakaa."

"Mkutano umeshapitisha, Mama Ikram. Usiniaibishe kwa ndoto zako."

"Yale aliyoyasema ni maneno yangu."

"Kama ni yako, mbona hukuyasema mkutanoni?"

Wote wawili walijua watu wangemcheka mama.

Kiangazi chote watu walichimba. Mama naye alibeba udongo kwa beseni kama wenzake. Mvua za kwanza zilipojaza lambo, watu walitoka hata vijiji vya jirani kuja kulitazama, na Hassani alitembea juu ya tuta kama bwana harusi. Naima alilima bustani chini ya tuta hilohilo. Mama alimsihi ahame.

"Nikishavuna, nitahama," Naima akasema.

Mvua iliyolibomoa hatukuiona. Ilinyesha milimani juu, kwetu kukiwa na jua. Asubuhi moja tulisikia mngurumo, na tulipofika ukingoni tuta halikuwepo, wala bustani, wala nusu ya shamba letu. Naima walimkuta mbali sana huko chini, amefunikwa na mchanga. Mama ni mmoja wa waliomwosha.

Baada ya matanga, mkutano uliitishwa. Hassani alisimama tena, safari hii sauti iko chini.

"Ukweli ni kwamba wazo hili halikuwa langu. Lilitoka kwa shemeji yangu, na ninyi nyote mnamfahamu. Kosa langu ni kusikiliza ndoto za alinacha."

Mama akasimama. "Shemeji, lilipokuwa maono, lilikuwa lako. Leo kuna kaburi, limegeuka kuwa ndoto, na ndoto ni yangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Mwenyekiti alimwomba akae, kwa adabu kabisa. Baba alikuwa anatazama kandambili zake.

Tangu siku hiyo wanawake walipunguza kuja kwetu. Mama akabadilisha njia ya kisimani, ile ndefu isiyopita korongoni. Mimi sasa nafanya kazi Mtumba, Dodoma, kwenye ofisi ambayo dira na maono vimeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na nikienda likizo nyumbani najaribu kumchokoza ili aongee kama zamani. Nilimwambia matete yangeweza kupandwa hata sasa, kwamba nitawalipa vibarua wabebe mawe. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama basi la kurudi Dodoma nimeshalikatia tiketi.

Uchaguzi ulipofika, Hassani alishinda uenyekiti wa kitongoji. Baba alimpigia kura. Mama hakwenda, alishinda kwa watoto wa Naima akiwapukuchulia mahindi, na baba aliporudi hakukuta chakula mezani, akala kiporo peke yake.