Mabano ya Mstari wa Saba

Mshona nguo alikuwa amemaliza video arobaini za kujifunza kuandika programu, na kichwani hakubaki kitu. Walimu wake walikuwa hodari, hawakosei hata nukta, Mungu awasamehe!

Leo mwalimu mpya, mama mwenye miwani, alikuwa akifundisha mubashara mtandaoni, mara programu yake ikagoma. Hakuzima kamera.

"Jamani, nimekwama. Tutafute wote."

Mshona nguo akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta, akaifuata mistari kama anavyofuata mshono uliofumuka. Wa saba: mabano yamefunguliwa, hayajafungwa! Akamwandikia mama yule.

Mama akayafunga. Programu ikaenda.

"Ahsante, mwalimu," mama akamwambia.

Mshona nguo akageuka kutazama mwalimu gani kaingia. Nyuma yake palikuwa na cherehani tu.